Mashine Iliyonyimwa Pumzi

Siku ile niliamka Mazimbu, nikanywa chai, nikafunga begi. Sikuwa na safari. Ndivyo nilivyo: nikikaa mahali hadi muuza chapati akajua nataka ngapi bila kuniuliza, nyayo zinaanza kuniwasha. Barabarani nikamkuta kijana wa bodaboda amepakia kreti la soda mbele yake, anaelekea milimani. Nilipoomba nafasi, akasikia vyuma vikigongana ndani ya begi.

"Wewe fundi?"

"Nina spana tu."

"Basi fundi. Panda."

Tulipita Bigwa, tukapanda mpaka masikio yakaziba. Kijijini alinitangaza hata kabla sijashuka: "Bibi, fundi huyu hapa!"

Mbele ya kibanda cha mashine ya kusaga alisimama mama mtu mzima, kanga imekazwa kiunoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umechelewa?" alisema, kana kwamba tuliahidiana.

Mashine ilikuwa yake, ya dizeli. Tangu juzi ilikuwa ikiwaka vizuri, inasaga nusu debe, halafu inazima. Ikipumzika, inawaka tena. Na kesho yake mjukuu wake alikuwa anatolewa nje, baada ya majuma mengi ya kuwekwa ndani na kufundwa. Wageni wangekuja kumcheza mwali, na mahindi ya ugali wao yalikuwa bado magunia mawili mazima.

Ng'ambo ya bonde nilisikia mashine nyingine ikinguruma. Nikauliza kwa nini wasisagie kule. Akina mama waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao wakaangua kicheko.

"Ile ni ya mumewe wa zamani," mmoja alinieleza. "Huku kwetu ardhi ni ya upande wa mama. Walipoachana, aliyefungasha ni yeye. Akaenda kwa mama yake, akafungua mashine ili huyu aisikie kila siku."

"Ugali wa mjukuu wangu utoke kwa yule?" bibi alisema. "Heri wageni wale maboga!"

Shule niliiacha darasa la sita, na injini ya dizeli sikuwahi kuifungua. Ila kwa miaka kadhaa nimekula kwa kutafuta mtandaoni. Nimetengeneza pampu ya maji Mzumbe, friji Kingolwira, na mara moja mashine ya kutotolea vifaranga, ambavyo vilitoka vyote isipokuwa vitatu. Ujuzi wangu ni kuuliza vizuri na kuficha woga usoni.

Tatizo, mtandao ulikuwa unashika juu ya jabali moja tu, mwisho wa migomba. Nikapanda. Niliandika kwa Kiswahili kwamba mashine inazima. Nikaletewa mtu anayeuza mashine mpya, mtu anayeuza kuku wa mayai, na mganga wa kurudisha wapenzi. Nikaunganisha Kiingereza changu cha kuokota. Hapo akatokea bwana mmoja anayefungua injini huku akiongea lugha ambayo sijawahi kuisikia. Nikaacha kumsikiliza, nikatazama mikono yake. Alikuwa anasafisha chujio la dizeli.

Nikashuka, nikasafisha chujio. Mashine ikawaka, ikasaga nusu debe, ikazima.

Nikapanda tena. Safari hii mikono ya bwana mwingine ilikuwa inatoa hewa kwenye bomba la mafuta. Nikashuka, nikatoa hewa, dizeli ikanirukia kifuani. Ikawaka. Nusu debe. Kimya.

"Fundi gani anafundishwa na simu?" mama mmoja aliuliza foleni nzima.

"Muache. Huko juu anaongea na mchumba."

"Mchumba gani anamrudisha na dizeli kifuani?"

Bibi hakucheka. Alikuwa anasikiliza ng'ambo ya bonde. Jua lilikuwa limeshavuka utosi. "Ukipanda mara ya tatu," aliniambia polepole, "shuka na jibu. Au shuka kwa njia ya upande mwingine."

Nilipanda nikiwa na chaji ndogo kuliko aibu yangu. Safari hii niliandika kila kitu, hata kwamba ikipumzika inawaka. Majibu marefu yote yalitaka ninunue kitu. Chini kabisa, mtu asiye na picha alikuwa ameandika mstari mmoja, na simu ikanitafsiria kwa Kiswahili chake cha kuchechemea: "Tangi lazima kupumua. Legeza mfuniko."

Nilishuka mbio. Chini ya mfuniko wa tangi palichungulia kipande cha nailoni, kimening'inia kama upindo wa kanga. Nilikuwa nimekiona tangu asubuhi, nikadhani ni unadhifu tu.

"Bibi, hii nailoni nani kaiweka?"

"Mimi, juzi. Wageni wanakuja, nikafunika kila kitu. Sitaki unga uingie kwenye mafuta."

Nilipofungua mfuniko, tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, kama mtu aliyeibuka mtoni. Nikatupa nailoni, nikafunga mfuniko peke yake, na kitundu chake cha hewa wazi, nikazungusha hendeli. Mashine ikasaga nusu debe. Ikasaga debe zima. Gunia la kwanza likaisha, na yule mama aliyenitania kuhusu mchumba akawa wa kwanza kupiga kigelegele.

"Kwa hiyo nilikuwa naiziba pua," bibi alisema, unga umemjaa kwenye nyusi. Akacheka hadi akaketi juu ya gunia la pili, ikabidi tumwinue ili tulisage.

Jua lilipokaribia kuzama nikachukua begi langu. Bibi akalishika mkanda.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui, bibi."

"Basi huna haraka. Mpaka mwali atoke, fundi haondoki. Ikizima, mimi kwenye jabali lile sipandi."

Akanionyesha chumba cha uani: kitanda cha kamba, magunia ya pumba mpaka dirishani, msumari mmoja ukutani. Nikatundika begi kwenye msumari. Bibi akarudi na ndoo ya maji ya moto na kipande cha sabuni.

"Oga," alisema. "Kesho kuna wageni."