Mia Tatu Thelathini

Pale kiwandani walimwita Mama Vipimo, na hata mwenye kiwanda hakumwita vinginevyo. Kwa miaka ishirini na sita alianza siku mbele ya tanuri la kuchomea vigae. Ukutani palibanwa kisahani cha chuma kilichopima joto linalovuja, na waya ukatoka hapo hadi kwenye saa yenye mshale. Saa ilionyesha namba tupu. Chombo kilikuwa cha kizamani, kikihesabu kilokalori kwa kila mita ya mraba kwa saa, na ofisi ilitaka wati. Yeye alizidisha kwa moja nukta moja sita tatu, kichwani, bila kalamu.

Wachomaji walipenda kumjaribu.

"Mama Vipimo, mia tano!"

"Mia tano themanini na mbili. Kafanyeni kazi."

"Huyu alimeza kikokotoo akiwa mtoto," mdogo wake wa tumbo moja alijigamba. Naye alikuwa mchomaji, kituo chake hatua mbili kutoka ukuta ule. "Namba za dada yangu hazijawahi kusema uongo."

Mwaka huo ukuta ulichoka. Namba ilifika wati mia tisa na saba, na kwenye elfu moja sheria ilikuwa moto uzimwe. Akaitwa fundi mwashi, mzee mwembamba mwenye maneno ya utani, akaziba kwa matofali mapya pale mahali palipolika.

"Hiki ni kiraka, mama," alimwambia. "Kiraka hakizai nguo mpya. Ukikaribia elfu, nipigie mbiu, nije nibomoe nijenge upya."

"Nitakuita, fundi. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Katika kubomoa sehemu iliyolika, kisahani kilivunjika. Stoo wakatoa kingine pamoja na saa yake, vilivyolala rafuni miaka mingi. Mama Vipimo akafanya kama afanyavyo siku zote: kabla ya kukibana alikipaka rangi nyeusi ya kuhimili moto, mbele na nyuma, ili kilingane na ukuta. Mkono ulikwisha zoea. Macho hayakuwa na shughuli.

Asubuhi ya kwanza mshale ulisimama kwenye mia mbili. Akaandika wati mia mbili thelathini na tatu. Watu wakampigia fundi makofi. Mwenyewe akakuna kichwa.

"Imeshuka hivyo? Mama, mimi nimejenga kwa matofali, si kwa barafu. Hebu tazama tena."

"Fundi, sifa nazo zinakuwasha? Namba haina upendeleo."

Wakacheka wote, naye akacheka, akafungasha mwiko wake.

Miezi mitano mshale ulipanda taratibu. Asubuhi moja mdogo wake ndiye aliyeusoma wa kwanza, akapaza sauti kama kawaida yao:

"Dada, mia tatu thelathini!"

"Mia tatu themanini na nne. Endelea na kazi."

Kabla ya saa sita ukuta ulipasuka. Mdogo wake alinyanyua mikono kukinga uso. Uso ulipona.

Wachunguzi walisoma daftari la Mama Vipimo, wakaona namba ndogo na safi, wakahitimisha kwamba matofali yalipangwa vibaya. Fundi mwashi akafutwa katika orodha ya mafundi. Hakuna aliyemwita tena, hata kujenga jiko.

Wiki ya tatu waliletewa masalio ya kifusi. Kisahani kilikuwemo, rangi imebabuka mgongoni. Mama Vipimo alikifuta kwa kitambaa apate kukihifadhi, na chini ya kidole chake zikatokea herufi zilizochongwa: B.T.U., futi ya mraba, saa. Kipimo kingine cha wazee, cha Kiingereza. Hicho hakizidishwi kwa moja na kitu. Huzidishwa kwa tatu nukta moja tano tano.

Alikaa chini. Mia mbili ile ya kwanza ilikuwa wati mia sita thelathini na moja: kiraka kizuri cha kawaida, kama fundi alivyotegemea. Ile ya mwisho hakuhitaji kuihesabu. Ilikwisha jihesabu yenyewe.

Aliandika barua. Ofisini wakamjibu kwamba taarifa imeshafungwa, na kwamba apumzike. Akaenda kwa fundi mwashi, akamkuta ameketi mlangoni, mikono mitupu magotini. Akamweleza yote, akiwa amesimama.

Mzee alimsogezea kigoda.

"Ule ukuta nimeujenga upya humu kichwani kila siku," alisema. "Na kila siku naliona kosa langu, tofali kwa tofali. Nimeshalikiri kwa mke wangu, kwa wanangu. Sasa unaniambia halikuwepo. Nilipeleke wapi, mama?"

Mama Vipimo akageuka, akaondoka na ombi la msamaha alilokuja nalo.

Kutoka hapo alikwenda wodini. Mikono ya mdogo wake ilifungwa bandeji hadi viwikoni, na daktari alikwisha sema vidole havitakunjika tena. Dada yake ndiye aliyemlisha, mchana na jioni. Alijaza kijiko supu, akakiinua.

"Umechelewa," mdogo wake alisema. "Au ulipita kwa yule mwashi aliyeniunguza?"

Akamwambia. Hakuficha kitu: rangi, herufi, kicheko chake siku ile fundi alipotilia shaka. Mdogo wake alisikiliza akitazama dari. Kisha akauliza polepole, kwa sauti ile ya mchezo wao wa zamani, ila bila mchezo ndani yake:

"Dada. Mia tatu thelathini."

Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, Mama Vipimo alitamani asijue kuzidisha.

"Elfu moja arobaini na moja."

Mdogo wake aligeuza uso upande wa ukuta. Kijiko kilibaki hewani, na mkono wa Mama Vipimo haukujua pa kukiweka, hadi supu ikapoa.