Nta Kwenye Swichi

Ukiuliza pale Misunkumilo, mjini Mpanda, nani anatengeneza redio, utaonyeshwa banda la Leodgar, na utaonyeshwa kwa sauti ya mtu anayezungumzia mambo ya zamani. Redio zenyewe zimekwisha, watu wanasikilizia kwenye simu. Siku hizi Leodgar anatengeneza chaja, taa za sola na feni zinazozunguka kwa kulalamika, na kila anachokitengeneza anakifunga kwa nta. Fungua kifaa chochote kilichopita mikononi mwake, utakuta kwenye maungio tone la nta ya kahawia lililosawazishwa kwa kidole gumba. Hiyo ndiyo sahihi yake.

Nta ameirithi. Baba yake alikuwa mrina asali kule Ugalla, na kwao nta ilitibu kila kitu: ndoo iliyotoboka, mpini uliolegea, mzinga wenye ufa, hata kisigino kilichopasuka. Leodgar alipokwenda kujifunza ufundi, mafundi wenzake walimcheka kwa donge lake la nta. Mvua zikaja, redio walizotengeneza wao zikarudi na kutu, zake hazikurudi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia neno kuhusu nta, na yeye hakutaka kuambiwa.

Kitu cha pili alichotoka nacho Ugalla ni uchungu wa betri. Kwao betri zilianikwa juani ili zipate nguvu ya mwisho ya kusikilizia taarifa ya habari, na mtoto aliyeacha redio inaimba peke yake alichapwa bila maswali. Leodgar ana miaka hamsini na minane, na hadi leo hawezi kupita kwenye taa inayowaka mchana bila kuizima, hata kama ni ya jirani. Umeme unaotembea bure unamuuma rohoni. Mambo hayo mawili yamemlisha zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo mimi simshangai kwa kuyaamini. Ninachomshangaa nitakisema.

Mdogo wake, Getrude, ameolewa na seremala anayeitwa Gelasius, Mpimbwe wa kijiji cha Mamba aliyehamia mjini na msumeno wake. Gelasius ndiye aliyeleta mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Ilikuja kwa basi, imevunjwavunjwa ndani ya maboksi matatu, wakaiunga wenyewe mume na mke. Watu wa mtaani waliipa jina la mashine ya maua, kwa sababu ilichonga maua kwenye milango ya mninga bila mtu kushika patasi. Gelasius alijua mbao. Aliyeijua mashine ni Getrude. Asubuhi alishona sare za shule kwenye cherehani yake barazani, na mchana aliingia karakana, akachora maua kwenye kompyuta na kukiongoza kichwa cha mashine kwenye reli zake. Alijifunza yote hayo kwenye video za simu, na aliona fahari kubwa, wala hakuificha.

Tatizo la mashine ile lilikuwa moja: haikujua meza inaishia wapi. Mwezi wa saba kichwa kilipitiliza, kikagonga bamba la chuma la mwisho na kuendelea kusukuma mpaka skurubu ndefu inayokisogeza ikapinda. Ndipo Gelasius alipoagiza swichi za kikomo. Ni vitu vidogo, kila kimoja kama kipande cha kiberiti, kina ulimi wa bati juu na miguu mitatu ya waya chini. Unazifunga mwisho wa kila reli, unavuta waya hadi kwenye boksi la kuongozea. Kichwa kikigusa ulimi, boksi linapata habari na mashine inasimama. Zaidi ya hapo, kila mashine inapowashwa, kichwa hurudi kwanza pembeni na kugusa swichi, ili kijue kinapoanzia.

Kazi alipewa Leodgar. Nani mwingine? Alikaa nayo siku mbili, akalala sakafuni chini ya meza na shati limejaa vumbi la mninga. Karatasi iliyokuja na swichi ilionyesha waya uende kwenye mguu ambao umeme unapita muda wote, na ulimi ukiguswa umeme unakatika. Leodgar aliitazama, akacheka.

"Umeme utembee kutwa nzima kungoja ajali ya mara moja kwa mwaka? Hawa waliochora hii hawajawahi kununua betri."

Akafunga waya kwenye mguu mwingine, ule unaolala kimya mpaka ulimi uguswe, kama kengele ya mlangoni.

"Kaka," Getrude aliuliza akiwa amechuchumaa pembeni yake, "sasa hiyo ya kwako waya ukikatika, boksi litajuaje? Si litaona kimya, lidhani mambo mazuri?"

"Waya wangu haukatiki, mdogo wangu."

Kisha akayeyusha nta kwenye kopo, akaziziba swichi zote pembezoni, kwa kuwa vumbi la mninga ni jembamba kama unga wa muhogo na linaingia popote. Wakajaribu mara ishirini, na mara ishirini kichwa kilisimama shubiri moja kabla ya bamba. Gelasius akapiga makofi. Leodgar akajifuta mikono, akamwambia dada yake, "Sasa hata ukifagia pembeni huku inatembea, haina neno." Maneno yale aliyasema kwa furaha, mbele ya mke na mume.

Mwezi wa kumi ukaja. Anayeijua Mpanda ya mwezi wa kumi, kabla ya mvua, anajua bati la karakana linavyowaka. Mashine ilikuwa na oda ya milango sita, ikafanya kazi wiki nzima, na mota yake, ambayo swichi ya pembeni ilikaa imeiegemea, ikawa haishikiki kwa moto. Alhamisi mchana Gelasius aliizima ili abadilishe ubao. Alipoiwasha tena, kichwa kikaanza kurudi pembeni kama kawaida. Getrude alikuwa pale pale akifagia vumbi kwa brashi, ameugeuza uso akimwambia mumewe kitu kuhusu ua la mlango wa tatu. Kichwa kiligusa ulimi wa swichi na hakikusimama. Kikausukuma mkono wa kulia wa Getrude mpaka kwenye bamba. Gelasius aliruka kwenye plagi ya ukutani, lakini mwendo ule mfupi ulikuwa umetosha.

Hospitali walikata kidole cha shahada. Cha kati kilibaki, ila hakikunji.

Jioni ya siku ya pili Gelasius alimwita Leodgar aje aikague mashine. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, hakutaka kuingia. Leodgar aliitoa swichi ya pembeni, akaibandua kifuniko kwa ncha ya kisu, akaona. Nta yake ilikuwa imeyeyuka kwa joto la mota, ikapenya ndani na kuganda katikati ya vile vibati viwili vinavyotakiwa kugusana. Ulimi ulibonyea vizuri kabisa, lakini ndani umeme haukuwa na pa kupita, na boksi liliona kimya, likadhani mambo mazuri.

"Imekuwaje, shemeji?" Gelasius aliuliza kutoka mlangoni. "Mbona haikusimama?"

Hapa ndipo ninapomshangaa. Leodgar si mwongo. Mtu akileta redio iliyokufa kabisa humwambia imekufa, anakosa hela yake na kulala usingizi. Lakini siku hiyo mdomo wake ulitangulia. Alikwangua nta kwa ukucha, akakunja ulimi wa swichi kidogo kwa kidole gumba, akageuka.

"Swichi nzima. Ila ulimi umekunjwa. Itakuwa aliukunja kwa brashi wakati anafagia."

Gelasius alipumua kwa nguvu, nusu hasira, nusu afueni, maana na yeye siku mbili nzima alikuwa akijilaumu. "Nilimwambia huyu mwanamke," alisema, ingawa hakuwahi kumwambia chochote.

Uongo ule haukukaa karakana. Ulifika kwenye jumuiya ya kanisani, akina mama wakaja kusali na kumpa pole, na wakiwa wanatoka wakaambiana kwamba mashine si mahali pa kuzubaa. Gelasius akamkataza mkewe asikanyage tena karakana. Akatafuta mtu wa kumchorea maua mjini, naye akayachora vibaya. Leodgar aliyasikia yote hayo na akatia maji mdomoni. Mkewe, Marsela, aliona tu kwamba mumewe hali vizuri, na kwamba kopo la nta limehamishwa kutoka mezani. Alipouliza, aliambiwa ni joto.

Wiki ya nne alikwenda kumwona dada yake, mchana, akiwa na kilo mbili za mchele ambazo hakuna aliyeziomba. Alimkuta barazani kwenye cherehani, anatunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto. Uzi ulikuwa unakwepa tundu. Mama mmoja aliyekuja kufuata sare ya mtoto wake alikuwa amesimama hapo, anatazama, na akauliza kwa huruma ilikuwaje.

"Ni mimi mwenyewe," Getrude alimjibu, bila kuinua kichwa. "Niliikunja swichi kwa brashi. Kaka yangu alikuwa ameifunga vizuri kabisa."

Aliyasema kwa utulivu, kama jambo alilokwisha kulilia na kulimaliza. Leodgar alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye mdomo wa mtu aliyeyaamini. Akakaa kwenye kizingiti. Alingoja yule mama aondoke, na kungoja kwenyewe kulikuwa adhabu, maana mama yule alikuwa na maneno mengi.

"Getu," alisema alipopata nafasi. "Hukukunja kitu. Ni nta."

Getrude aliacha uzi.

"Nta yangu iliyeyuka, ikaingia ndani ya swichi. Niliiona siku nilipoifungua. Ule ulimi niliukunja mimi, kwa kidole hiki, mumeo akiwa mlangoni."

Alidhani atapiga kelele. Angeshukuru kama angepiga kelele. Getrude aliutazama tu mkono wake uliofungwa bandeji kama mtu anayeupokea upya.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza boksi litajuaje."

"Uliniuliza."

"Na mwezi mzima umeniacha nawaomba watu msamaha."

Machozi yalimtoka Leodgar, mtu mzima, na hakuyafuta. Getrude akamwita mumewe kwa sauti ambayo hata kuku walikimbia. Gelasius alikuja na randa mkononi, akasimuliwa, akaiweka randa chini taratibu sana.

"Shemeji," alisema, "ulinitazama machoni."

"Nilikutazama."

"Nimemfungia mke wangu nje ya kazi yake kwa ajili ya maneno yako."

"Na wewe hukuniuliza hata mara moja nilichokiona," Getrude alimkatiza, na hilo nalo lilikuwa kweli. Akainuka kwenye cherehani. "Twendeni karakana. Aifunge upya. Sasa hivi."

Aliingia wa kwanza, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha katazo. Leodgar akalala tena chini ya meza. Aliibandua nta yote, swichi moja baada ya nyingine. Akaweka swichi mpya pembeni, akaisogeza mbali na mota, akaikinga na vumbi kwa kipande cha dumu alichokikata kwa kisu. Kisha akafanya kile karatasi ilichosema tangu mwanzo: kwenye kila swichi akatoa waya kwenye mguu mmoja na kuuhamishia kwenye mguu wa pembeni yake, ule ambao umeme unapita muda wote, ili waya ukikatika, au uchafu ukiingia, mashine isimame yenyewe. Kwenye kompyuta palikuwa na namba moja ya kubadilisha, ili boksi lijue kwamba mguu umebadilika. Getrude aliibadilisha mwenyewe, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, bila kumwomba mtu amsaidie.

Ili kuhakikisha, Leodgar alichomoa waya mmoja. Mashine ikakataa kutembea. Akaurudisha, ikakubali.

"Imekwisha," alisema.

"Haijaisha," alisema Getrude. "Weka mkono wako pale."

"Mke wangu, acha upuuzi," Gelasius alisema, akisogea kuelekea kwenye plagi.

"Pale pale nilipoweka mimi. Wa kulia."

Leodgar alivua saa. Aliulaza mkono wake wa kulia mbele ya bamba la chuma, kiganja cha fundi cha miaka yote ile, na akagundua kwamba anaogopa kweli kweli, na kwamba hataki kuutoa. Getrude alimtazama usoni kidogo, akabonyeza kitufe.

Kichwa kilianza kurudi. Mota ilinguruma ile sauti yake ya kawaida, skurubu ikazunguka, kivuli cha kichwa kikapanda juu ya kucha za Leodgar, kikafika kwenye vifundo vya vidole. Gelasius alikuwa ameshika waya wa plagi kwa mikono miwili. Ulimi wa bati ukabonyea, tik, na kila kitu kikasimama. Kati ya kichwa na vidole palibaki nafasi ya kupita kikombe.

Getrude alisogea, akainama, akaitazama ile nafasi, akapitisha mkono wake wa kushoto ndani yake mara moja, polepole, na kuutoa. Kisha akautazama ule waya mmoja mdogo uliohamishwa kutoka mguu hadi mguu.

"Kumbe ilikuwa rahisi hivi," alisema.