Kizibao cha Kuazima

Pyo Mal-sun alikuwa na miaka hamsini na saba, na miaka kumi na tisa kati ya hiyo aliitumia kupaka poda nyuso za watangazaji wa kituo chetu kidogo cha televisheni hapa Gunsan, pwani ya Korea. Alijua nani hutoka jasho puani, nani alilewa jana, nani amelia chooni kabla ya kusoma habari. Hakumwambia mtu. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, hakina dirisha, na mimi niliyekuwa nikiandika maneno ya kipindi cha asubuhi nilizoea kukaa humo na kitabu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza nafanya nini.

Sisi wawili hatukuwa waajiriwa wa kituo. Mimi nililipwa kwa kipindi. Yeye alikuwa chini ya kampuni ya wakala, ambayo kila mwisho wa Novemba ilimletea mkataba wa mwaka mmoja akausaini akiwa amesimama, brashi mkono wa pili. Kwa hiyo hatukuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi. Miaka minane nyuma Dada Mal-sun (ndivyo nilivyomwita, ingawa analingana na mama yangu) alijaza fomu ya uanachama kwa mwandiko mzuri, akaipeleka mwenyewe. Wakamrudishia. Katiba ya chama inataja waajiriwa tu, walimwambia, lakini itarekebishwa. Tangu hapo jambo hilo lilikaa mwisho wa ajenda ya kila mkutano mkuu, na kila mwaka watu walisikia njaa kabla ya kulifikia.

Mgomo ulianza Oktoba. Habari ya kiwanda kilichokuwa kikimwaga maji machafu kwenye mashamba ya mwani iliondolewa dakika kumi kabla ya kwenda hewani, kwa amri ya mkurugenzi mkuu mpya, na msichana aliyeiandaa akahamishiwa kwenye kibanda cha maegesho ya magari. Chama kilidai mambo mawili: habari irushwe, na msichana arudishwe. Siku ya thelathini na tano hakuna aliyekuwa amejibu. Wakaamua mwenyekiti wa tawi anyolewe kichwa hadharani, kama wafanyavyo watu wa vyama hapa kwetu maneno yakiwaishia.

Tatizo lilikuwa nani ashike mashine ya kunyolea. Katika mgomo uliopita alikabidhiwa mpiga picha mmoja mwenye mikono mizito, naye akamkata mwenyekiti wa wakati ule sikio. Magazetini alionekana kama mtu aliyetolewa kwenye ajali.

Mwenyekiti wa sasa, Seok Dong-gyu, fundi wa sauti, alikuja chumbani na wali uliovingirishwa kwa mwani, ameufunga kwenye karatasi ya foili.

"Dada, umekula?"

"Mwenyekiti akinibebea chakula ujue kuna jambo. Sema."

"Jumanne saa tano, pale chini mapokezi." Alijishika nywele. "Mikono yako haitetemeki."

"Vinyozi wamekwisha mjini?"

"Wapo. Lakini akija wa nje itaonekana tumekodi mtu. Wewe ni mwenzetu."

"Tangu lini?"

Seok aliangalia chakula alichokileta.

"Mkurugenzi wenu hukaa kwenye kiti hiki kila Alhamisi kabla ya kwenda hewani," Dada Mal-sun alisema. "Anainua shingo kama kuku ili nimfiche makunyanzi. Na mkataba wangu unaisha tarehe thelathini. Hilo unalijua?"

"Nalijua. Tukimaliza mgomo, suala lenu litakuwa la kwanza kwenye ajenda. La kwanza, Dada. Naapa."

"Usiape, una punje ya wali kidevuni."

Alipoondoka, Dada alisafisha brashi zake zote, hata zilizokuwa safi. Nilimuuliza kama atakwenda.

"Yule msichana wa maegesho," alisema. "Siku ile nilimpaka vizuri. Akakaa hapo nusu saa akirudia maneno yake, wakaja kumwambia hakuna tena. Nikamfuta poda. Kupaka ndiyo kazi yangu. Lakini kumfuta mtu ambaye hajasema kitu, mdogo wangu, hilo sijalizoea."

Jumanne watu kama sitini waliketi sakafuni kwenye mikeka, wamevaa vizibao vyekundu vyenye jina la chama mgongoni. Katibu Gam, mtu wa orodha na mihuri, alimfuata Dada Mal-sun na kizibao mkononi.

"Vaa hiki, Mama, kwa ajili ya picha. Tuwe rangi moja."

Alikiangalia kidogo. Kisha akakivaa juu ya aproni yake nyeusi, akavuta zipu hadi juu.

Alianzia katikati ya paji la uso akaenda nyuma polepole, kisha kando, akikunja sikio kwa kidole kama anayefungua ukurasa. Nywele za Seok zilikuwa na mvi nyingi kuliko tulivyodhani. Watu walilia, baadhi kwa uchovu tu, nadhani; siku thelathini na nane ni nyingi. Hakuna damu iliyotoka. Alipomaliza alimfuta kwa taulo ya moto, na papo hapo, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, akachukua sifongo ya poda akampaka utosini ili taa za kamera zisiung'arishe.

Mtu mmoja alicheka, kisha ukumbi mzima, hata Seok mwenyewe machozi yakiwa shavuni. Dada Mal-sun aliona haya, akaficha sifongo mfukoni.

Wapiga picha walipomgeukia mwenyekiti, Katibu Gam alirudi na orodha yake.

"Mama, kizibao. Vina namba, vya wanachama."

Akakivua. Alikung'uta nywele, akakikunja, akampa kwa mikono miwili. Seok aliona. Alikuwa anahojiwa kuhusu uhuru wa habari, mdomo wazi, na hakuyakatisha mahojiano.

Tarehe thelathini Novemba mkataba haukuletwa. Mtu wa wakala alipiga simu: kituo kimeomba mpambaji mwingine, kwa sababu huyu anashiriki harakati za chama. Ushahidi ulikuwa picha ya gazetini, yeye na kizibao chekundu. Alikwenda na gazeti hilo ofisini kwa chama. Wakili wa chama alimsikiliza kwa upole, akamwambia chama hakiwezi kumfungulia kesi, kwa sababu si mwanachama.

"Kwa hiyo wao wananifukuza kama mwanachama, ninyi mnanisindikiza kama mgeni," alisema. Hakupaza sauti. Alikunja gazeti akalitia mfukoni pamoja na sifongo.

Mgomo uliisha Januari. Habari ya kiwanda ilirushwa, na msichana wa maegesho akaisoma mwenyewe, amepakwa vibaya na mpambaji mpya. Mkutano mkuu ukaitwa, na kweli suala letu lilikuwa la kwanza. Nilisimama nje ya mlango na wengine wasio na kadi. Nilimsikia Seok akisema chama kilimwazima mtu kizibao na hakikumpa kitu kingine. Nilisikia pia sauti ya mtu akisema tukiwafungulia vibarua mlango, kesho sote tutafanywa vibarua. Zilihitajika theluthi mbili. Zilipungua kura nne.

Sasa Dada Mal-sun ananyoa watu nyumbani kwake, nyuma ya soko la samaki, kwenye kiti kimoja mbele ya kioo kilichobanduka rangi. Seok huja kila Jumamosi ya pili. Amewaambia wanachama hataacha nywele ziote hadi kura ya pili.

"Na mimi nimeambiwa?" Dada alimuuliza wiki iliyopita, nilipokuwa nimeketi na kitabu. "Wewe unaapa, mimi nashika mashine. Adhabu ya nani hii?"

"Nitalipa zaidi."

"Utalipa kama wengine. Vua koti."

Alikuwa amevaa kizibao chake chekundu ndani. Akakivua, akamnyooshea. "Hiki ni changu, hakuna atakayekuja kukidai. Kaa nacho."

Dada Mal-sun alikigeuza mikononi. Kisha akamfunga nacho shingoni, mgongo mbele, kama shuka la kinyozi, akawasha mashine. Nywele fupi zilianguka juu ya jina la chama.

"Kura ni Machi tarehe kumi na nne," Seok alisema.

"Tuliza kichwa."

Alipoondoka, kizibao kilibaki kwenye kiti. Dada alifagia, akaweka maji ya shayiri jikoni. Aliporudi alichukua penseli ya nyusi, akaenda kwenye kalenda ukutani, akaizungushia tarehe ya kura alama nyembamba, ambayo ingefutika kwa kidole.