Ncha ya Pili ya Turubai

Siku Twila Haugen alipobonyeza kitufe na chumba kikakataa kuingia, alibaki ameukodolea macho ukuta kana kwamba umemtukana. Akabonyeza tena. Mota iliyo chini ya sakafu ikanguruma, chumba kikasogea kiasi cha kiganja, halafu huko juu kukasikika kitambaa kinachanika, na kila kitu kikasimama.

Nyumba yake ilikuwa ya magurudumu, ndefu kama basi, na ubavuni ilikuwa na chumba kinachotoka nje mkipiga kambi na kurudi ndani mkitaka kusafiri, kama droo ya kabati. Juu ya chumba hicho hulala turubai jembamba. Chumba kikitoka linajikunjua, kikirudi linajiviringisha lenyewe kwenye bomba lenye springi, ili majani, mchanga na maji visitulie kwenye paa. Ni kitu kidogo, wala hukikumbuki mpaka siku kikukasirikie. Lakini turubai likikwama chumba hakiingii, na chumba kisipoingia nyumba haiendi popote.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na Jumamosi angefika Darrin.

Darrin ni mwanawe wa pekee, anauza bima kule Fargo, mtu mwema ambaye kazi yake imemzoeza kuona ajali kila pembe. Tangu baba yake, Verlyn, alipofariki mwezi wa Novemba, kila akipiga simu wimbo ni ule ule: uza hiyo nyumba, njoo ukae kwetu, chumba cha juu ya gereji kipo tayari. Twila alikuwa anakijua chumba hicho. Kina dirisha moja, nalo linatazama mapipa ya taka. Mwezi wa Machi wakafikia mapatano.

"Basi tufanye hivi, Mama," Darrin alisema. "Nakuja Jumamosi ya pili ya Aprili. Nikikuta kila kitu kimefungwa tayari kwa safari na unaiweza hiyo nyumba mwenyewe, sitasema neno tena. Nikikuta bado, naiendesha mimi mpaka kwa dalali, na wewe unapanda ndege na mimi."

"Sawa."

"Sawa ya kweli?"

"Darrin, ukweli nimekufundisha mimi. Kata simu ukale."

Alijibu kwa kiburi, kisha akakaa kwenye kochi akatazama huku na huku. Kila kitu alichobaki nacho duniani kilikuwa ndani ya ile nyumba. Kwenye ule mlango Verlyn alisimama na kikombe cha kahawa kila asubuhi kwa majira ya baridi kumi na moja. Kuiuza kwake kulikuwa kama kumzika mtu yule yule mara ya pili.

Kambini kwao, jangwani nje kidogo ya Yuma, ambako wastaafu wa kaskazini huja kukwepa baridi, watu husema kuna kazi za bluu na kazi za pinki. Za bluu ni za mume: kuendesha, kumwaga maji machafu, kupanda juu ya paa, kushika koleo na kulaani. Za pinki ni za mke: kupika, kusoma ramani, na kusimama nyuma ya gari kupunga mikono wakati mzee anarudi kinyumenyume na hasikii. Nani aligawa hivyo hakuna ajuaye. Nusu ya kambi inaishi hivyo mpaka leo, na wakiambiwa wanacheka, mpaka mmoja atangulie. Hapo ndipo utamkuta mjane hajui maji yanafunguliwa wapi, na mgane anakula maharage ya kopo mwezi mzima.

Twila hakutaka kuwa mmoja wao. Alipoacha kulia kutwa akaanza kulia nusu siku, ile nusu nyingine akajifunza kazi za bluu. Alibandika orodha kwenye friji akawa anafuta moja moja. Siku ya kwanza ya kumwaga maji ya choo, bomba lilimponyoka na viatu vyake vikaishia jalalani. Siku ya pili bomba halikuponyoka. Kuendesha alifundishwa na jirani yake Gaylord Pruitt, mkulima mstaafu kutoka Saskatchewan, kila Jumapili kwenye uwanja mtupu wa mnada. Gaylord alikaa kiti cha pembeni ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Dada Twila, breki ni ile nyingine!"

"Naijua!"

"Sasa mbona tunausogelea ule ukuta?"

"Nataka kuusalimia. Nyamaza."

Kufikia Aprili alikuwa anaiegesha ile nyumba vizuri kuliko Gaylord, na Gaylord mwenyewe alikiri, ingawa alisema ni kwa sababu ya mwalimu.

Turubai halikuwa kwenye orodha, na nani angekumbuka kuliweka? Mwezi wa Februari ilinyesha mvua kubwa, maji yakatuama juu ya turubai mpaka likalegea kama tumbo. Upepo ulipoanza, Twila akavuta chumba ndani, kama walivyofanya siku zote. Ndoo nzima ya maji ikamwagika kwenye kochi. Zamani, kabla ya kuvuta chumba, Verlyn alikuwa anatoka na ufagio. Twila alimwona miaka yote kumi na moja, akadhani anakwepa kuosha vyombo. Kumbe alikuwa anasukuma maji yamwagike nje kwanza! Aliikumbuka dhana yake hiyo akiwa na kitambaa cha kufutia mkononi, akacheka peke yake, kisha ikamuuma kweli. Tangu siku ile turubai lilikuwa limevutika, kila upepo unalipiga huku na huku, mpaka Jumatatu ile lilipochanika na kujisokota kati ya chumba na ukuta.

Gaylord alipanda ngazi, akatazama, akashuka.

"Hili limeshakufa," alisema. "Tulikate tulitupe, lile bomba tulifunge kamba, uende zako. Wako wengi wanaotembea bila turubai."

"Huo mpira wa kuziba maji juu ya chumba umechakaa, unavuja. Huko kaskazini mwezi huu ni mvua tupu."

"Weka nailoni."

"Gaylord, Darrin akiona kamba na nailoni hataniona mimi. Ataona kamba."

Gaylord akakuna kidevu. Alikuwa na mke aliyekwisha kufunga mizigo, na Jumatano walikuwa wanaondoka, kama kila mtu. Joto likiingia kambi humwagika kaskazini ndani ya wiki mbili. Fundi anayezunguka makambini naye alikuwa na foleni ya wiki tatu. "Ningekuwepo Ijumaa ningekusaidia," alisema, na uso wake ulionyesha anaona aibu. Jumanne alimsaidia kukata vipande vilivyokwama, Jumatano akapiga honi mara tatu akaenda.

Alhamisi turubai jipya, alilokuwa ameliagiza kwa simu Jumatatu ile ile, lilifika kwenye ofisi ya kambi. Ijumaa alfajiri, kabla jua halijawa kali, Twila alianza.

Alizuia springi kwa msumari, kama karatasi ya maelezo ilivyosema. Alifunga bomba kwa kamba akalishusha ncha moja, kisha ya pili, akipanda na kushuka ngazi hadi magoti yakaanza kumsema. Alivuta mabaki ya turubai la zamani. Jipya alilipaka maji ya sabuni akalipitisha kwenye mfereji wa bomba polepole, kama kupitisha lastiki kwenye kiuno cha sketi, kazi aliyoifanya tangu akiwa na miaka tisa. Kufikia saa tano bomba lilikuwa juu tena, na turubai jipya limenyooka, jeupe, zuri. Alikaa kivulini akanywa maji, akajisikia mtu.

Ilibaki springi. Unashika ncha yake kwa koleo, unatoa msumari, unazungusha mara kumi na nne, kisha unakaza skrubu. Basi. Ila wakati unazungusha, lazima mtu awe kwenye ncha ya pili, alikumbatie bomba lisicheze na alinyooshe turubai, la sivyo linajiviringisha upogo na chumba kinakwama upya. Alijaribu kufunga ile ncha kwa kamba. Mzunguko wa sita kamba ikateleza, koleo likajigeuza likampiga vifundo vya vidole. Alijaribu tena alasiri kwa kamba mbili. Mzunguko wa tisa. Alishuka akakaa kwenye kipago cha chini cha ngazi, vidole mdomoni, akalia kwa hasira. Kambi nzima ilikuwa tupu, hata mbwa wa kumtazama hakuwepo.

Jumamosi asubuhi alikuwa juu ya ngazi, vidole vimefungwa bandeji, anajaribu mara ya tatu, gari la kukodi lilipoingia. Darrin alishuka na begi dogo. Akatazama ngazi mbili, kamba, vipande vya turubai mchangani, bandeji. Hakuwa na uso wa ushindi, na hilo ndilo lililomuumiza Twila zaidi. Alikuwa na uso wa huruma.

"Mama," alisema taratibu. "Shuka, tafadhali."

"Hujambo na wewe."

"Mama, umeumia. Tulisema nini? Tulisema mwenyewe."

"Nimefanya yote mwenyewe. Imebaki hii tu."

"Hii tu ndiyo itakayokuvunja shingo siku moja jangwani, na hakuna mtu. Hii ndiyo ninayokuambia kila siku."

Twila alimtazama mwanawe kutoka juu. Alikuwa amepanga maneno wiki nzima, na yote yalikuwa yamemtoka kichwani.

"Panda ile ngazi nyingine," alisema.

"Mama..."

"Dakika tano. Kisha ukitaka funguo, ziko mezani. Panda, kumbatia bomba, nyoosha turubai, na usiachie hata nzi akikuingia sikioni. Ukiachia, mimi ndiye ninayepigwa."

Darrin akavua koti, akapanda. Alikumbatia bomba, na turubai akalivuta kwa vidole. Twila akashika koleo kwa mikono miwili, akatoa msumari.

"Moja," alisema. "Mbili."

Mzunguko wa tano Darrin alibadilisha mguu. Wa nane jasho lilikuwa linamwingia machoni na hana mkono wa kujifutia. Wa kumi mikono yake ilianza kutetemeka, na bomba likatetemeka nayo.

"Mama, inavuta!"

"Ndiyo, inavuta. Shikilia. Kumi na moja."

"Nani alikuwa anashika huku?"

"Unadhani nani? Kumi na mbili."

"Lakini Baba alisema..." Akauma meno. "Kila alipolibadilisha alituambia kwenye simu, leo nimefunga turubai, nimehangaika peke yangu mchana kutwa."

"Kumi na tatu. Najua alichosema. Nilikuwa nimesimama pembeni yake, nimeweka mikono kwenye beseni la barafu." Twila alizungusha mara ya mwisho, akakaza skrubu, akaachia koleo taratibu. Lilitulia. "Kumi na nne. Achia sasa."

Darrin hakuachia. Alibaki amelikumbatia lile bomba, shavu limegusa turubai jipya, anamtazama mama yake kutoka mita nne.

"Darrin, baba yako hakuwahi kuifanya kazi hii mwenyewe hata siku moja," Twila alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuyaficha. "Alikuwa na mimi. Hakuna aliyemwambia auze nyumba."

Alishuka, akaingia ndani, akabonyeza kitufe. Mota ikanguruma. Chumba kikaingia chote, na juu yake turubai likajiviringisha limenyooka hadi mwisho, bila mkunjo hata mmoja.

Alipotoka, Darrin alikuwa chini, anajikanda mikono iliyokuwa bado inamtetemeka. Alitazama kwa muda mrefu ule ubavu uliofungwa. Alijipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Unaondoka lini?" aliuliza.

"Kesho, kabla ya upepo."

"Rudisha nyuma polepole basi," alisema. "Nitasimama huku nyuma nikupungie."