Sahihi ya Mume

Karani wa ile hospitali ya misheni alikuwa Mkisii kama mimi, tena wa vilima vile vile, lakini alinisemesha Kiswahili. Ndivyo walivyo. Mpe mtu wetu meza, muhuri na kalamu mbili za mfukoni, atakisahau Ekegusii cha mama yake mpaka saa ya chakula. Alinisukumia fomu, akagonga mstari wa mwisho kwa ukucha.

"Hapa, sahihi ya mume."

"Mume wangu yuko Nakuru, kazini."

"Basi ya baba mkwe."

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshaanza kumwita mtu wa nyuma yangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na watoto wawili, nyumba ya mabati kwenye boma la kina mume wangu huko Birongo, na cherehani ya miguu niliyoiweka kwenye baraza la duka moja pale Keumbu, nikishona sare za shule na magauni ya kanisa. Hospitalini nilikuwa nimeenda kupanga uzazi tu. Sista akasema kwa kuwa nimeshapanda kitandani, acha anichukue kipimo. Akakwangua mlango wa kizazi kwa kijiti cha mbao, akapaka alichokipata kwenye kioo, kioo kikapelekwa Nairobi. Mimi nikarudi kwa cherehani yangu, nikasahau. Baada ya miezi miwili na ushee nikaitwa.

Daktari alikuwa mama mmoja mnene asiye na haraka, na katika mambo haya yote ndiye mtu wa pekee aliyesema neno nikalielewa mara ya kwanza. Alisema nina kirusi kinachoitwa HPV. Ni kirusi cha watu wengi mno, karibu kila aliyewahi kulala na mtu hukutana nacho, na wengi huwatoka chenyewe bila wao kujua. Kwangu kilikuwa kimekaa, kikaanza kuharibu ngozi ya mlango wa kizazi. "Si kansa," alisema, akarudia, "lakini ukiiacha, miaka ikipita, inaweza kuwa kansa." Kirusi chenyewe hakina dawa. Ile ngozi iliyoharibika ndiyo hugandishwa kwa gesi baridi ikafa, ikaota nyingine. Baada ya hapo nirudi kupimwa kila mwaka, nisichoke. Na hilo la kugandisha lisipite miezi mitatu.

Nilimuuliza nimekipata wapi. Akasema hawezi kujua, huenda kimekaa miaka kumi, na nisipoteze nguvu zangu kwa swali hilo.

Nguvu akapoteza mume wangu. Nilimwandikia barua ya kurasa tatu, nikaeleza kila kitu, nikamwomba aje siku moja tu atie sahihi. Jibu lake lilikuja kwenye nusu karatasi ya daftari la hesabu: "Nani amekupa? Mpaka useme, sitii sahihi." Lo! Mwanamume anayekuja nyumbani mara moja kwa mwezi na mkate mmoja kwapani, anayekaa Nakuru siku zote nyingine akipikiwa na mtu anayejulikana na Mungu peke yake, ndiye wa kuniuliza mimi nani amenipa. Niliichoma ile barua chini ya sufuria ya uji. Hata kuchemsha haikusaidia, ilikuwa fupi.

Akabaki baba mkwe. Na hapa lazima niseme jambo ambalo karani yule alilijua vizuri kuliko sala zake, akajifanya halijui. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Kati ya mzazi na mwanawe, na zaidi kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe, mambo ya mwili hayatajwi, hayadokezwi, hayakaribiwi. Baba mkwe wangu hakuwahi kuingia nyumbani kwangu. Hatukuwahi kupeana mkono. Nikimwona anakuja njiani, napita shambani, na yeye anajifanya anatazama migomba. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu asiyetia sahihi karatasi mpaka avae miwani na kuisoma yote kwa sauti, kama asomavyo somo la Sabato. Na fomu ile ilieleza waziwazi nini kitafanywa, na kitafanywa wapi kwenye mwili wangu. Nimpelekee? Afadhali ningetembea uchi sokoni Keumbu, angalau watu wa sokoni wangecheka yakaisha.

Basi nikaikunja fomu, nikaiweka ndani ya mkebe wa vifungo, nikaendelea kushona. Mwezi wa kwanza ukaisha.

Habari zikatoka, kama zinavyotoka. Nani alizitoa sijui, lakini wanawake watatu walikuja barazani kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata, wakisema wamebadilisha mawazo juu ya mtindo. Wote watatu, juma moja! Walikuwa wamesikia nina kirusi, na siku hizo kirusi kilikuwa kimoja tu katika vichwa vya watu, ukimwi, na huo waliamini unaweza kupita kwenye sindano ya cherehani ukaingia kwenye pindo la sketi. Mama mmoja wa kanisa, aliyezungumza kwa sauti ya kwaya hata akiuliza bei ya kabeji, aliniletea unga wa mizizi kwenye karatasi ya sukari, wa kujitia kule ndani. Nikamuuliza kama yeye ameshautumia. Akasema yeye hana haja nao, yeye ana ndoa safi. Nikautupa unga wake chooni, na kama choo kilipona sijui.

Ninawacheka, lakini usiku sikulala. Watoto wangu walikuwa wadogo, na miezi mitatu haina urefu wowote. Niliogopa sana.

Aliyebaki alikuwa bibi wa mume wangu, mama yake baba mkwe. Magokoro, ndivyo tunavyowaita. Chinsoni huruka kizazi. Kile usichoweza kumwambia mkwe wako unamwambia bibi, na bibi atakujibu maneno ya kufanya hata wakora wazibe masikio. Yeye alimwita mume wangu "mume wangu" na mimi akaniita "mke mwenzangu," akilalamika kila siku kwamba namaliza zamu zake. Aliishi peke yake upande wa pili wa migomba. Kila Ijumaa nilimpelekea mabaki ya vitambaa kutoka kwa cherehani, kwa sababu alisema anajaza mto.

"Lete ya pamba," alikuwa akisema. "Haya ya nailoni hayafai kitu."

"Mto wako una tumbo la fisi? Mwaka wa tatu haujai?"

"Wewe shona. Ya mto niachie mimi."

Tulicheka, nikaenda zangu.

Siku nilipomwambia alikuwa anapepeta wimbi. Nilijaribu kusema kwa utulivu, nikashindwa, nikalia kama mtoto aliyeanguka. Hakuacha kupepeta. Aliuliza maswali mawili tu: kama inauma, na wanataka nini hasa pale hospitalini.

"Wanataka mume atie sahihi."

"Na wa Nakuru?"

"Amekataa."

Akaweka ungo chini. "Ng'ombe waliokutoa kwenu walitoka boma la nani?"

Nilijua jibu. Walikuwa ng'ombe wa nyumba yake, wa mahari ya binti yake wa mwisho, ndio waliomwoza mjukuu. "Lako," nikasema.

"Basi Jumatatu tunakwenda."

Alivaa leso mbili, na juu yake koti la marehemu babu, lile la vifungo vya shaba, ingawa jua lilikuwa kali. Alitembea polepole, akisimama mara kwa mara, nami nikadhani ni uzee. Karani alianza na Kiswahili chake. Bibi akamjibu kwa Ekegusii. Karani akarudi kwa Kiswahili, bibi akarudi kwa Ekegusii, mpaka yule bwana akashindwa, akashuka alikotoka.

"Mume wa huyu yuko wapi?" akauliza.

"Unamwona."

"Wapi?"

"Mimi. Nilimtoa huyu kwao kwa ng'ombe wanne, mmoja akiwa na mimba. Wewe wako ulimtoa kwa wangapi?"

Benchi nzima ikaangua kicheko. Karani hakucheka. Alijua, kama anavyojua kila Mkisii, kwamba kwetu mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mke, na mke huyo ni wake kabisa, watoto wake ni wa nyumba yake, na hakuna mzee wa kupinga. Bibi alikuwa na mtoto wa kiume, mzee wa kanisa mzima, lakini hilo halikuandikwa usoni pake. Alidanganya bila kupepesa jicho. Karani akatazama fomu, akatazama lile koti, akatafuta kifungu cha kumkataa, akakosa. Akasukuma kidau cha wino. Bibi akabandika kidole gumba kwenye mstari wa mume, akakipangusa kwenye ukingo wa meza yake.

Kugandishwa kwenyewe kulichukua muda wa kuchemsha chai. Baridi, na maumivu ya tumbo kama ya siku za mwezi, basi. Kwa hilo tu nilikuwa nimezungushwa majuma tisa! Nilipokuwa navaa, bibi akaingia kwenye pazia bila kuitwa.

"Na mimi nitazameni," akawaambia. "Nimetembea mbali."

Sista alikuwa bado anacheka habari ya karani alipomsaidia kupanda kitandani. Halafu akaacha kucheka. Akatoka kumwita daktari, na pazia likabaki wazi kidogo, nami nikaona pale chini, juu ya leso yake, kitambaa alichokuwa amekivua. Kilikuwa kimekunjwa mara nne, kimelowa damu. Rangi ya buluu yenye miraba. Sare ya shule. Nilikikata mimi mwenyewe, kwa mkasi wangu, wiki ile.

Tulirudi nyumbani kwa mwendo wake, akisimama nami nikisimama, mpaka tulipofika kwenye migomba.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mtoto wako wa pili alikuwa hajazaliwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?" Hakuwa na hasira. "Mwanangu nitamwambiaje? Mkewe nitamwambiaje? Hapa bomani mwenye ruhusa ya kuuliza ulikuwa wewe."

Nimewadharau watu wengi katika kurasa hizi na sirudishi hata neno moja. Lakini yule mwanamke aliyekaa nyuma ya cherehani, akimletea ajuza mabaki ya pamba miaka mitatu na kumtania habari ya mto, namdharau zaidi. Karani alifungwa na fomu yake. Baba mkwe alifungwa na chinsoni. Mimi sikufungwa na kitu. Nilikuwa huru kumuuliza bibi jambo lolote chini ya jua, nikamuuliza mambo yote isipokuwa moja, kwa sababu nilikuwa nacheka.

Daktari alisema ya bibi ni kansa yenyewe, imechelewa mno, imeshaingia kwenye kibofu. Yangu ilipona. Nilirudi baada ya miezi sita, nikarudi baada ya mwaka, kioo kikapelekwa Nairobi kikarudi safi. Mume wangu alikuja Krismasi na mkate wake, akaanza tena na "nani." Nikamwambia aende yeye hospitalini akapimwe, atuletee jibu. Hakwenda, na hakuuliza tena.

Bibi alilazwa mvua kubwa zilipoanza. Nilimpelekea uji kila jioni, nikambadilisha vitambaa kwa mkono wangu, na sasa nilimuuliza kila kitu, naye alinijibu kila kitu. Siku ya mwisho alinishika kidole.

"Mume wako anakufa. Nani atakurithi?"

"Nimekataa kurithiwa," nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa.

Asubuhi tulikwenda kuuchukua mwili, mimi na baba mkwe, yeye mbele, mimi hatua ishirini nyuma kama ilivyo adabu. Karani alikuwa yule yule. Akafungua karatasi, akaanza kumsomea mzee ugonjwa uliomuua mama yake, na mahali ulipokuwa. Alifika neno la tatu. Baba mkwe akainua mkono, akageuka, akatoka nje, akasimama kwenye ua akiwa ameshika kofia, mgongo kwetu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sikuwahi kumwona hivyo, na sikupaswa kumwona.

Karani akabaki na kalamu hewani. Akanitazama mimi.

"Wewe ni nani wake?"

"Si ulimpa wino mwenyewe?" nikamwambia. "Huyo ni mume wangu."

Nilidhani atabisha. Akanigeuzia fomu. Nilijua kuandika vizuri, na kalamu alikuwa ananinyooshea. Nikavuta kidau cha wino, nikabandika kidole gumba.

Gauni la kumzikia nililishona siku ile ile, wino bado uko kidoleni. Lilikuwa la pamba tupu, na mabaki yake nilimzika nayo.