Ufa Kwenye Kisu cha Tatu cha Mama Tupa

Saa mbili na robo asubuhi, kisu kinatoka motoni kikiwa chekundu kama nyanya iliyoiva. Mwenye karakana anakigusisha kwenye sumaku iliyoning'inizwa ukutani. Hakinati. Maana yake moto umetosha. Anakizamisha ndani ya ndoo ya mafuta, ncha ikitangulia, na moshi mweupe unapanda hadi kwenye mabati.

Ti!

Ni sauti ndogo, kama ya kifungo cha shati kilichoangukia saruji. Lakini watu wote watatu waliomo karakanani wanashtuka kana kwamba ukuta umebomoka.

Mwanamke aliyesimama kando ya ndoo, mikono ameificha ndani ya aproni ya turubai, anainama juu ya mafuta. Mnoaji aliye mlangoni anazima mashine yake bila kuambiwa.

"Hapana," mwanamke anasema. "Hapana, hapana. Hicho hakiwezi."

Kisu kinafutwa na kupelekwa mwangani. Kwenye mgongo wake, yaani ule upande mnene unaotazamana na makali, umeanzia ufa mwembamba kama unywele na kushuka hadi katikati ya bapa. Kazi ya saa tisa za mkono imekwisha kwa sauti ya kifungo.

Mwanamke huyu mtaani humwita Mama Tupa, kwa sababu mkononi hakosi tupa, kile chuma chenye meno ambacho mafundi hulainishia na kuchongea vyuma vingine. Ana miaka arobaini na tisa. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akishona sare za shule katika kiwanda kidogo, hadi siku walipofika kazini na kukuta kufuli mpya langoni. Wanawake kumi na wawili walirudi nyumbani na mikasi yao.

Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, ndiye mwenye karakana hii, mfua visu. Alimpa kazi ya kufunga mipini, akimlipa kwa kila mpini. Mwezi mzuri alipata nusu ya alichokuwa akipata kiwandani. Mwezi mbaya hapendi kuuzungumzia.

"Nilikuja hapa kuokoa sufuria isilale tupu," anasema. "Sikuja kutafuta ufundi. Ufundi ndio ulionikuta."

Ulimkuta siku mteja mmoja, mpishi wa hoteli, alipoleta kisu cha kigeni kinolewe. Mgongo wake ulikuwa umechongwa umbo la mmea unaotambaa, wenye mawimbi na miiba midogo. Mama Tupa alikishika akakaa nacho hadi mpishi akauliza kama atarudishiwa.

"Nikaona ni mshono ule ule," anaeleza. "Unapima, unaweka alama, unaacha nafasi sawa. Tofauti ni kwamba nguo ukikosea unafumua. Chuma hakifumuliwi."

Alianza kwa vipande vya chuma chakavu, akitumia futi yake ya kushonea na kalamu ya wino. Kipande cha kwanza kilimtia aibu. Alichonga mapengo ya kulia yakitazamana uso kwa uso na ya kushoto, na mgongo ukabaki mwembamba katikati kama kiuno cha nyigu. Mnoaji, ambaye kwa maneno yake mengi huitwa Redio, alikitundika mlangoni kwa siku mbili.

"Nilimwambia, Mama, hiki ni kisu au ni mfupa wa samaki?" Redio anakumbuka. "Akaniambia, wewe cheka, meno yako ni yako."

Baadaye aligundua kwamba inabidi mapengo yapishane, la kushoto likae kati ya mawili ya kulia. Hapo ndipo wimbi linapozaliwa. Kwa miezi saba alichonga vipande thelathini na kimoja na kumaliza makali ya tupa kumi na nne. Mgongo mmoja una mapengo arobaini na sita, na kila pengo lina mwiba wake, yaani mkato mdogo unaochongwa pembeni mwake. Kila kona, hata ya mwiba, huipitishia tupa ya mviringo nyembamba kama kijiti cha kiberiti ili chini pawe duara.

Hilo la duara alifundishwa na shemeji siku yake ya kwanza, walipokuwa wakizungumzia mahali bapa linapokutana na shina la mpini. Chuma chenye kona kali kikitoka motoni na kuingia kwenye mafuta husinyaa kwa ghafla, na nguvu zote hukimbilia kwenye kona ile. Ndiyo maana mapambo huchongwa kabla ya kuchovya, chuma kingali laini, na ndiyo maana mafuta ndiyo hakimu.

Shemeji mwenyewe hakuwa na imani na mapambo. Kwa miaka thelathini na minne ametengeneza visu vitupu, vya wachinjaji na wapishi. Lakini wateja walipoanza kuuliza, aliweka sharti mbele ya mkewe na mbele ya Redio: visu vitatu vyenye mapambo vikitoka kwenye mafuta vizima, Mama Tupa atapewa jiliwa la pili, kile chombo cha kubania chuma kilicho karibu na dirisha, na kazi yake mwenyewe ya kulipwa kwa kisu. Kimoja kikipasuka, anarudi kwenye mipini, na habari za mapambo zimekwisha.

Cha kwanza kilitoka kizima Jumatatu. Cha pili Jumanne. Cha tatu ndicho hiki chenye ufa.

"Ndiyo hivyo, shemeji," mwenye karakana anasema kwa upole, akifuta mikono. "Nilisema mapema. Ukikichonga kisu mgongo, umekivunja mgongo. Pole sana. Mipini iko pale."

Mama Tupa anakibeba kisu hadi dirishani, anachukua tupa yake nyembamba, na kuanza kuilaza ndani ya pengo moja baada ya jingine, kisha ndani ya mwiba mmoja baada ya mwingine. Kila mahali tupa inakaa chini kabisa, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Mnoaji anasogea kutazama. Kwenye mwiba wa kumi na saba upande wa kushoto, mkono wa Mama Tupa unasimama.

"Redio, njoo uone. Unaona mwanga chini ya tupa?"

"Naona."

"Tupa haifiki chini. Hapa kuna kona. Kali kama ya bahasha." Anageuka. Uso umembadilika. "Na ufa umeanzia hapa hapa. Shemeji, huu si mwiba wangu."

"Kwani ulijichonga wenyewe?" shemeji anauliza, na Redio anaanza kucheka.

Kisha Redio anaacha kucheka, kwa sababu hakuna mwingine anayecheka. Mwenye karakana ameusogelea mwanga. Ameutazama mwiba ule, akautazama tena, halafu akakichukua kisu, akarudi nyuma akipapasa kigoda kwa mkono kama mtu gizani, na kukaa. Kijasho chembamba kimemtoka juu ya mdomo.

"Ni mimi," anasema.

Wote wanamtazama.

"Jana mlipoondoka nilikipitia. Nikaona mwiba mmoja ni mfupi kuliko wenzake. Nikasema mteja atauona, atamcheka shemeji. Nikachukua ile tupa ya pembetatu. Mara tatu tu. Nilitaka kumsaidia."

"Shemeji!" Mama Tupa anashika kichwa. "Wewe? Wewe uliyenifundisha duara?"

"Mimi."

"Miaka thelathini na minne, Mzee!" Redio naye hawezi kujizuia. "Ningefanya mimi, leo ningelala kwenye kituo cha polisi!"

"Nyamaza, Redio." Lakini sauti haina nguvu. Anakitazama kisu kilicho mapajani mwake kama kitu kilichotoka sayari nyingine. "Nilikuwa naona mmea. Nikasahau kwamba ni chuma."

Watu wa karakana wamezoea ajali: kidole kuungua, shoka kuruka kutoka kwenye mpini. Hili hawakulizoea. Bingwa amefanya kosa ambalo humkataza kila anayeingia mlangoni, na amelifanya kwa upendo, kwenye kazi ya mtu mwingine, bila kumwambia.

Mwenye karakana anainuka. Anakwenda kwenye jiliwa la dirishani, anaondoa makopo ya misumari yaliyolundikwa juu yake, na kupangusa taya zake kwa kitambaa.

"Basi. Visu viwili vimetoka vizima, cha tatu nimekivunja mimi. Jiliwa ni lako. Kaa."

Hapo ndipo Mama Tupa anapowashangaza tena. Hakai.

"Tulisema vitatu."

"Shemeji, nimekubali kosa. Unataka nipige magoti?"

"Piga magoti kwa dada, akijua ulichofanya utayahitaji. Mimi nataka kisu cha tatu. Nikikaa hapa leo, kila mteja akija utamwambia nilipewa kwa huruma."

"Sitasema!"

"Redio atasema."

"Nitasema," Redio anakiri.

Saa tano kasoro robo, bapa jipya limebanwa kwenye jiliwa, mgongo juu, limepakwa wino mweusi ili mistari ionekane. Mama Tupa anafanya kazi akiwa amesimama; kigoda cha dirishani hakigusi. Amemwomba shemeji kitu kimoja tu: kila jioni kisu kifungiwe ndani ya sanduku, na ufunguo ataondoka nao Mama Tupa mwenyewe. Mzee huyo wa miaka sitini na mitatu, mwenye karakana na kila kilichomo, amekubali bila kubishana.

Mama Tupa anatarajia kumaliza kuchonga kesho jioni. Asubuhi inayofuata kitaingia motoni. Wenzake wawili wa kiwanda cha sare wameshamuuliza kama kuna nafasi ya kujifunza, na amewajibu wangoje kwanza. Hawezi kumwalika mtu kwenye kiti ambacho bado si chake.

Na hiki nacho kikipasuka?

Anapuliza unga wa chuma kutoka kwenye pengo la kwanza, anaingiza tupa ya mviringo, na kuizungusha taratibu.

"Kikipasuka, nitarudi kwenye mipini," anasema. "Ila safari hii nitakuwa najua ni mkono wa nani."