Ku Muzee, Kwa Muzee

Nyumba ya makumbusho, ile ambayo kwa Kifaransa ni musée, sisi wa Uvira tunaiita muzee. Ulimi wetu hausumbuki zaidi ya hapo. Mtu aliyekula chumvi nyingi naye tunamwita muzee, na ugomvi hautokei, kwa sababu wazee tunao kila nyumba, na ile muzee nyingine mtu anaweza kumaliza mwaka bila kuitaja. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Nafundisha Kifaransa kila siku ya kazi, na neno hilo limenishinda nyumbani kwangu mwenyewe.

Nina mabinti wawili, mmoja wa miaka kumi, mwingine wa saba. Niliwaahidi kwamba wakipita mwaka vizuri nitawavusha mpaka hadi Bujumbura, kwenye muzee yenye mamba, chui na nyoka. Wakapita. Mtoto hasahau ahadi ya namna hiyo hata umpe pipi za mwezi mzima.

Mama yangu anakaa nasi hapa mtaani Kasenga. Nilimtoa kijijini Nyakabere alipoanza kusumbuliwa na tansio, presha ya damu, na mwaka huo alilazwa wiki tatu kule hospitali ya Lemera. Akiwa bado kitandani, kaka yake mkubwa akafariki Bujumbura. Huyo kaka ndiye aliyemlea. Baba yao alikufa mama akiwa bado mgongoni, na kaka mtu, kijana wa miaka kumi na tano, akashika jembe na kuwa baba. Watu wakaanza kumwita Muzee kabla hajaota ndevu. Mama hakuwahi kumwita jina jingine.

Daktari alisema mgonjwa asishtuliwe. Ndugu tukakaa, tukakata kauli kwamba mama asiambiwe mpaka apate nguvu. Hakuna aliyenilazimisha, nami nilikubali. Nilikwenda kuzika, mama nikamwambia nasimamia mitihani. Akarudi nyumbani, akapata nguvu, na bado hatukumwambia. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aanze.

Miezi minne ilipita hivyo. Akiuliza mbona Muzee hapigi simu, nilijibu telefoni yake imeharibika. Akiuliza mbona haji, nilisema mguu unamsumbua. Halafu nikaanza kumletea salamu. Nilizitunga mwenyewe, na kusema kweli zilinoga. Siku moja nilimwambia Muzee anasema amekumbuka kuku wa Nyakabere, hawa wa mjini hawana ladha. Sijui kwa nini niliongeza hilo. Mama alicheka mpaka akafuta macho.

Basi, siku mbili kabla ya safari, nikiwa jikoni nasonga bugali, nilimsikia mdogo akimwambia bibi yake, "Koko, siku ya posho tunaenda ku muzee! Na weye unakuja!"

"Kweli?" mama akaniuliza kupitia mlangoni.

"Kweli, mama," nikasema, mwiko mkononi. Niliona matembezi yatamfaa. Ku na kwa, kwetu, nani anazitenganisha?

Siku ya posho, Jumamosi yenyewe, nikamkuta amekaa nje amevaa kitenge chake cha misa ya Noeli. Miguuni ana kikapu cha unga wa muhogo, na kwapani kuku mweupe amefungwa miguu.

"Kuku ya nini, mama?"

"Ati ya nini? Muntu anaenda kwa Muzee mikono mitupu? Weye si ndiye uliniambia iko anatamani kuku?"

 Pale pale ndipo ilipofaa niseme. Pikipiki mbili zilikuwa zinangoja, watoto wameshapanda, mama anacheka na dereva. Nikajiambia nitamwambia njiani. Wapi! Njiani nilikuwa pikipiki nyingine, na nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Mpakani, ofisa wa karatasi akauliza tunaenda wapi. Mtoto akasema, "Ku muzee." Mama akasema, "Kwa Muzee." Walisema pamoja, kwa furaha ile ile. Ofisa akagonga muhuri na kumwambia mama, "Eh, koko, huyo muzee leo atakula!" Mama akajibu kwamba iko siku nyingi hajala vizuri. Mimi nilitazama mtoni.

Ndani ya taksi nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza mkubwa akasema anasikia kichefuchefu. Mara ya pili mama alikuwa ananipangia namna tutakavyokaa: yeye atalala huko siku mbili, tatu, mimi nirudi na watoto. Alikuwa amefunga hata kanga ya kulalia.  Nilijichukia sana katika taksi ile, na bado sikusema.

Langoni pa muzee mlinzi alimtazama kuku akatabasamu. Pale mgeni huweza kumpa mamba kuku mzima, watoto wanapenda sana kuona. "Kuku wa mamba?" akauliza.

"Mamba gani?" mama akasema. "Huyu iko kuku wa Muzee!"

"Ndiyo, mama. Mamba wa muzee. Yuko kule nyuma."

Mama alimkata jicho kuanzia kofia hadi viatu, akamhamisha kuku hadi kwapa la pili. Watoto walikuwa hoi kwa kucheka. Mama alinigeukia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtu huyo amelewa asubuhi yote hii.

Tukazunguka. Mamba walikuwa wamelala, mdomo wazi, hawajali mtu. Chui alitembea ukuta hadi ukuta, akageuka, akatembea tena. Mdogo alilia kwa kuwaogopa nyoka, kisha hakutaka kuondoka kwao. Katika nyumba ya vitu vya zamani kulikuwa na ungo, kinu, vibuyu vya maziwa na mitego ya samaki, kila kimoja na kibao chake. Mama alisoma vibao polepole. "Ungo," akasema. "Minye iko nayo ku nyumba. Wameifungia ya nini?" Nilimweleza kwamba ni ili watoto wajue. Akasema watoto wake wanajua, wanapepetea kila siku. 

Alikuwa mvumilivu. Alidhani tunapita tu, tunawafurahisha watoto kwanza. Nyuma kulikuwa na nyumba ya nyasi ya mviringo, imejengwa kama zile za zamani, na benchi mbele yake. Mama akaketi, akaweka kuku chini.

"Haya," akasema. "Mumenizungusha vya kutosha. Muzee iko wapi?"

"Koko, muzee si ndiyo hii!" mkubwa akasema, akionyesha miti, mabwawa na nyumba ya nyasi. "Ya vitu vya zamani! Na weye ulifikiri kwa muntu?" Wakaangua kicheko, yeye na mdogo wake, wakashikana mabega.

Mama naye alicheka kidogo. Alijicheka mwenyewe. "Aka, minye na masikio yangu," akasema. Akasimama, akapangusa kitenge, akamwokota kuku. "Basi twende kwake. Tumeshafika Bujumbura, si karibu?"

Ni karibu. Ni dakika ishirini kwa mguu. Sikuwa na telefoni mbovu wala mguu unaouma wa kutosha dakika ishirini. Niliwaambia watoto wakaone kasa. Walipoondoka nikamshika mama mkono, nikamketisha tena.

"Mama, Muzee hayupo."

"Amesafiri?"

"Hapana, mama. Muzee alitutoka. Ulipokuwa Lemera."

Hakupiga kelele. Nilikuwa namtazama kifua, nahesabu pumzi, vidonge vyake viko tayari kiganjani mwangu. Alitazama vidonge, akatazama uso wangu. Akaniuliza kama nilikuwepo kwenye kuzika. Nikasema ndiyo. Akaniuliza ni nani alimwosha, nani aliomba, walimvalisha nini. Nikajibu kimoja kimoja, kama mwanafunzi mbele ya ubao. Nilipofika kwenye koti la kijivu akasema, "Hilo nililishona vifungo minye." Halafu akaniuliza kwa adabu, kama anayemuuliza mgeni, nyumba ilipo kwa sababu njia zimebadilika.

Tulikwenda kwa miguu. Alitangulia, kuku mkononi, na hakugeuka hata mara moja.

Kwa Muzee, mjane wake alikuwa anaanika nguo. Walikuwa wameshafunga kilio chao. Viti vya kuazima vilisharudishwa, picha yake imetundikwa sebuleni, wajukuu wanasikiliza redio. Mjane alipomwona mama aliziba mdomo kwa mkono wenye povu. Mama alimpa kikapu. Alimpa kuku. Alimwamkia vizuri, kwa majina ya watoto wote, mmoja mmoja. Kisha akavua viatu, akafungua kilemba, akaketi chini kwenye vumbi la uani, miguu ameinyoosha, akaanza kumlilia kaka yake kwa sauti, kwa Kifuliiru cha kwao kijijini, kama watu wanavyolia siku ya kwanza maiti iko ndani.

Hakuna aliyemwitikia. Wajukuu walizima redio wakasimama mlangoni. Jirani alichungulia ukutani, akauliza nani amekufa. Mjane alisimama na shati lililolowa mkononi, machozi yake alishayamaliza miezi mingi nyuma, hajui aanze tena au amtulize.

Nikaketi chini kando ya mama. Nikamwekea mkono mgongoni, nikaanza kulia naye. Akaacha kulia. Akautoa mkono wangu, taratibu, akauweka juu ya paja langu.

"Weye ulishalia," akasema. "Uniache."